Mto Avon kwa boti ya kukodi: mto nyota tano, boti nyota tatu

Boti naipa nyota tatu. Mto naupa tano. Nasema mapema ili mwenye haraka asipoteze muda: kama unatafuta kitanda cha maana na bafu la kujinyoosha, hela yako ipeleke hotelini. Kama unataka kupita kwenye mto uliokufa karibu miaka mia moja ukafufuliwa na raia wabishi wenye makoleo, vumilia kitanda.

Avon ziko kadhaa Uingereza. Hii ni ile ya Shakespeare, inayoanzia Naseby na kumwaga maji yake kwenye mto Severn pale Tewkesbury. Sehemu tuliyopita sisi ni Avon ya Juu, kutoka Stratford kuteremka hadi Evesham, kama kilomita 27 hivi. Kwa gari ni mwendo wa nusu saa tu. Kwa boti, ukijumlisha loki (vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha boti), chai, na shangazi anayetaka kushuka kila akiona ua zuri, ni siku kadhaa.

Mimi ni mtu wa Lamu. Baba alikuwa nahodha wa jahazi la kupakia boriti, kwa hiyo omo na tezi, mbele na nyuma ya chombo, nilizijua kabla ya kujua kushoto na kulia. Sasa ni muuguzi Birmingham, mji usio na bahari, na likizo yangu lazima iwe na maji. Baba watoto ni mtu wa Mbarali. Maji aliyokulia ni ya mfereji wa mpunga, chini ya goti. Tulikuwa na watoto, na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Alipoiona boti kwa mara ya kwanza, ya chuma, urefu mita kumi na nane, upana mita mbili na kitu, alisimama gatini akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni chombo au ni ujia wa hospitali?"

Upana ule una sababu yake. Loki za mifereji ya katikati ya Uingereza ni nyembamba sana, na boti zikachongwa kwa kipimo cha loki. Ndani unapita kwa ubavu. Jiko lina mafiga mawili ya gesi yanayofanya kazi vizuri. Wali wa nazi ulipikika, samaki wakakaangwa, na mahamri ya shangazi yalipendwa na kila aliyefunga boti jirani yetu. Friji ilikuwa ikiguguma usiku kucha. Dirisha la chumba cha watoto lilivuja mvua ya kwanza tu. Godoro letu lilikuwa na bonde katikati, tukawa tunakutana humo bila kutaka.

Hayo yote ningesamehe. Kilichoniudhi ni makabidhiano. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, lakini alitueleza injini, choo na gesi kwa kasi ya mtu anayewahi basi, na habari za loki akatuonyesha kwenye karatasi iliyolaminishwa. Kampuni siitaji jina, maana nimezungumza na wengine waliokodi kwingine na wamekuta hivyo hivyo. Ushauri wangu: usitie saini mpaka mtu wa kampuni apite nawe loki ya kwanza, kwa miguu na mikono. Na nanga uione kwa macho yako. Yetu ilikuwa ndani ya kabati la omo, chini ya mabomba na ndoo, mnyororo wake haujafungwa popote. Kwenye mfereji hilo halina maana, maji yamesimama. Kwenye mto, injini ikizimika juu ya banio, ule ukuta wa kuzuia maji, nanga isiyofungwa ni chuma cha kutupa majini tu. Niliifunga mwenyewe kabla hatujaondoka, na kijana yule akanitazama kana kwamba namfanyia inda.

Sisi tulichukulia boti kwenye mfereji, kwa hiyo kabla ya mto tulishuka ngazi ya Wilmcote, loki kumi na moja zilizofuatana. Hapo ndipo baba watoto alipojifunza kushika kana, mkono wa kuongozea usukani. Ukiisukuma kushoto, omo inakwenda kulia. Mtu aliyezoea usukani wa gari hutaabika. Alikuwa akienda mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, anaomba radhi kwa mabata. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa miguu, kwa hiyo hakuna anayeumia zaidi ya rangi.

Mfereji huu wenyewe una kisa ambacho inafaa ukijue kabla hujafika mtoni, kwa kuwa bila mfereji huo, mto usingefufuka. Ulifikishwa Stratford mwaka 1816, ukachakaa, na mwaka 1958 halmashauri ya Warwickshire ikaomba kibali cha kuufunga kabisa kwa hoja kwamba hapakuwa na chombo kilichoutumia kwa miaka mitatu. Wapinzani wakaleta risiti. Mtu alikuwa amelipa ushuru wa kupitisha mtumbwi wake, na tarehe ilikuwa imeandikwa. Ombi likakataliwa. Napenda sana jambo hili, mfereji mzima kuokolewa na karatasi ya mtu wa mtumbwi. Kisha akaja David Hutchings, akakusanya watu wa kujitolea, askari, na wafungwa wa gereza la Birmingham, wakaingia kwenye matope. Mwaka 1964 mama yake Malkia Elizabeth akaja kuufungua.

Hutchings hakwenda nyumbani kupumzika. Pale mfereji unapoishia Stratford, mbele yake kulikuwa na mto, na mto ulikuwa haupitiki.

Avon haikuwahi kuwa njia ya vyombo kwa kujaliwa. Ilikuwa na vinu vya kusagia nafaka, na kila kinu kilikuwa na banio lake la kuinua maji ili gurudumu lizunguke. Baba watoto hili alilielewa haraka kuliko mimi. Mbarali ugomvi wa banio ni ugomvi wa kila msimu, wa juu anafunga, wa chini analia. Hapa aliyelia alikuwa mwenye boti, maana banio ni ukuta. Mwaka 1636 William Sandys wa Fladbury alipata hati ya Mfalme Charles wa Kwanza ya kuufanya mto upitike. Alijenga loki kando ya mabanio, na katika miaka michache vyombo vikawa vinapanda mto kuelekea Stratford. Makaa ya mawe yakawa yanapanda, nafaka inateremka. Mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Kuna wakati mbaya wa kuwekeza, na huo ulikuwa mmojawapo.

Baadaye mto ukagawanywa Evesham, ya Chini na ya Juu, kila moja na wenyewe. Reli zilipofika, Avon ya Juu iliangukia mikononi mwa kampuni ya reli, na kampuni ya reli haikuwa na haja ya kutengeneza njia ya mshindani wake. Kufikia miaka ya 1870 ilikuwa imeachwa. Kuta zikaanguka, mierebi ikaota mlemle zilimokuwa loki.

Ya Chini ndiyo iliyookolewa kwanza: mwaka 1950 mfuko wa hisani ukaundwa chini ya Douglas Barwell, na mwaka 1962 boti zikafika Evesham. Ya Juu ilikuwa kazi nyingine. Huwezi kukarabati kisichokuwepo. Hutchings na watu wake walianza mwaka 1969, wakajenga loki mpya, wakachimba njia, wakaweka mabanio mapya, na tarehe 1 Juni 1974 yule yule mama wa Malkia akaja tena kufungua. Miaka mitano. Niliwahi kusubiri choo cha wodi yetu kikarabatiwe, kwa hiyo naijua thamani ya miaka mitano. Tangu 2010 sehemu zote mbili zinatunzwa na mfuko mmoja, Avon Navigation Trust, na mfuko huo si serikali. Ndiyo maana kibali cha boti cha mifereji ya kawaida hakitoshi hapa. Mto una kibali chake, uliza kampuni kama kimo kwenye bei au utalipa mwenyewe.

Kuingia mtoni kwenyewe ni sinema. Unatoka kwenye bwawa la boti la Bancroft, mbele ya ukumbi wa michezo ya Shakespeare, watalii wamejaa ukingoni na aiskrimu, na kila mmoja anakutazama unavyofungua mlango wa loki. Shangazi alivaa leso zake mpya kwa ajili hiyo, akapiga picha na Wachina wasiopungua basi zima. Ukitoka tu, maji yanabadilika. Boti ambayo kwenye mfereji ilikuwa ikisukuma tope ikapumua. Injini ile ile, sauti nyingine. Kushoto juu liko daraja la Clopton, la mawe, la karne ya 15, bado linapitisha magari. Ukigeuza omo kuteremka unapita kanisa la Holy Trinity alimozikwa Shakespeare, halafu loki ya kwanza.

Hiyo ndiyo loki niliyoipenda kupita zote. Jina lake Colin P. Witter. Ina kina kirefu, na juu yake wameweka fremu za chuma kutoka ukuta hadi ukuta kwa sababu ardhi ya pembeni inazisukuma kuta zikutane. Unashuka humo ndani na vyuma vinakupita kichwani. Mwanangu wa katikati alinyamaza, jambo la nadra.

Kwa asiyeijua, loki ni chumba cha maji chenye milango miwili, wa juu na wa chini. Unaingiza boti, unafunga mlango nyuma yako, halafu kwa mkono wa chuma unaozungushwa unainua vilango vidogo vilivyo chini ya maji, maji ya chumbani yanatoka taratibu, nawe unashuka nayo. Yakilingana na mto wa chini, mlango unafunguka kwa kuusukuma na makalio. Kabla ya hapo hata trekta haliusukumi. Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ukiteremka, tezi isikae nyuma sana: chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege, na boti ikikalia hapo maji yakaendelea kushuka, omo inazama. Pana alama nyeupe ukutani, kaa mbele yake. Pili, kamba usiifunge fundo. Izungushe na uishike mkononi, uiachie kadiri unavyoshuka. Boti iliyofungwa kwa fundo hubaki inaning'inia. Mtu wa pwani hili halimhitaji somo, lakini nimeona wazungu watatu wazima wakitafuta kisu.

Loki za mfereji ni nyembamba, boti moja inaingia na kujaa. Za mtoni ni pana, zinaingia mbili ubavu kwa ubavu, na hiyo ni raha kwa sababu mnasaidiana kazi na mnapiga soga. Pia hazifanani. Moja ina mikono mirefu ya mbao, nyingine ya chuma, moja unazunguka kidogo maji yakatoka, nyingine unazunguka mpaka bega linalalamika. Ukijua zilivyojengwa, kwa fedha za michango na chochote kilichopatikana, unaacha kulaumu.

Fedha zenyewe zimeacha majina. Karibu kila loki ya Avon ya Juu ina jina la aliyechangia au anayeenziwa. Robert Aickman, aliyeshiriki kuanzisha chama cha kutetea njia za maji mwaka 1946, anayo yake. Chama chenyewe kinayo yake. Ya George Billington, mzee mmoja wa kujitolea tuliyemkuta akipaka rangi alitusimulia kwamba mfadhili huyo alikuwa mgonjwa na hakuwa na muda mrefu, kwa hiyo waliijenga majira ya baridi kwa wiki chache tu, wamesimama ndani ya maji yale, ili ikamilike mapema. Mzee alieleza bila kuacha kupaka rangi. Shangazi alimpa mahamri mawili.

Na kuna ya Welford, jina lake W. A. Cadbury. Ndiyo, Cadbury wa chokoleti. Nilisimama nikasoma lile bango mara mbili. Huyu William Cadbury ndiye aliyekwenda mwenyewe São Tomé na Angola mwaka 1908 kuangalia kama kakao waliyokuwa wakinunua ilivunwa na watumwa. Ilikuwa hivyo, na mwaka 1909 kampuni ikaacha kuinunua. Minong'ono walikuwa wameisikia tangu 1901. Miaka minane ya kuchunguza ni mingi kwa aliyeko shambani. Sisemi loki ibadilishwe jina, ni loki nzuri na mahali pake pana kivuli. Nasema Mwafrika akifika pale ana haki ya kukaa kidogo na kufikiri, kisha afungue mlango aendelee na safari.

Bidford ina daraja la mawe la karne ya 15, na upinde wa kupitia boti ni mmoja tu, ulioandikwa alama. Mingine ina kina kidogo. Upepo ukiwa wa ubavuni omo inataka kwenda kwingine. Nilichukua kana mwenyewe hapo, na baba watoto akashika upondo. Chini ya daraja pana nyasi pana za kufungia boti na duka la samaki wa kukaanga na chipsi. Nyama ya halali usiitegemee njiani, mimi yetu nilinunua Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, na kuigandisha, na friji ile pamoja na kelele zake iliihifadhi vizuri, haki yake nimpe.

Kwa wanaoswali: usijaribu boti ikiwa inakwenda. Mto huu unajipinda mno, ukianza rakaa ya kwanza umeelekea Makka, ya tatu umeelekea Wales. Funga ukingoni kwanza. Na wakati wa kiangazi Isha inaingia usiku sana, kwa hiyo panga boti yako ifike mapema, maana sehemu za kufunga bila malipo ni chache na Agosti zinajaa mchana. Mashamba mengi ya kando ni ya watu, mabango yanasema hivyo bila kupamba maneno.

Kati ya Bidford na Evesham ndipo mto unapokuwa wa kijijini hasa. Hakuna barabara inayousindikiza. Mierebi, ng'ombe wameingia maji hadi tumboni, korongo wa kijivu anayekuacha umkaribie halafu anaruka mbele, unamkuta tena. Wavuvi wa ndoana wanakaa kimya na fimbo ndefu zinazokatisha mto, punguza mwendo, wasalimie, watazinyanyua kwa manung'uniko. Mabustani ya bonde la Evesham yanaanza, ardhi ya asparagasi na matunda. Evesham yenyewe utaijua kwa mnara wa kengele wa abasia iliyobomolewa, na kwenye loki yake kuna nyumba ya pembetatu iliyojengwa juu ya loki ya zamani, paa limefika karibu ardhini. Watoto walitaka kuinunua.

Sasa ubaya wa mto, ambao kampuni haziutangazi. Mvua ikinyesha sana, Avon hupanda haraka, na kampuni zitakuzuia kuingia. Hawafanyi hila, Julai 2007 mto huu uliingia majumbani Stratford, Evesham na Tewkesbury. Tulipokuwa huko maji yalipanda kidogo tu, na tofauti niliisikia mkononi: kwenda na maji boti haitaki kusimama, na mkondo unaoelekea kwenye banio unakuvuta kabla hujauona. Watoto wavae majaketi ya kuokolea muda wote wakiwa nje, hata wakilia. Za kampuni zilikuwa kubwa mno kwa mdogo wetu. Tulikuwa na lake. Anayekodi wiki ya likizo ya shule aulize kabla ya kulipa: mto ukifungwa, nitapewa njia nyingine ya mfereji au nitarudishiwa fedha? Jibu alipate kwa maandishi.

Nani aende? Familia yenye angalau watu wazima wawili wenye nguvu za mikono, maana mmoja hawezi kushika kana na kufungua loki. Wazee sawa, kama shangazi, ila ngazi za kutani zina utelezi, wabaki ndani loki zinapofanya kazi. Mtu anayechoka akikosa intaneti asiende. Mwezi, Juni au Septemba. Pia, wasiotaka kuloweka fedha nyingi wanaweza kukodi boti ndogo ya saa moja pale Stratford, lakini hiyo inakuzungusha mbele ya ukumbi wa michezo tu, loki hutaiona.

Amana yetu kampuni iliirudisha pungufu, kwa madai ya mkwaruzo ambao nilikuwa nimeupiga picha kabla hatujafungua kamba. Picha ikatumwa, fedha zilizobaki zikaja baada ya kuandikiana sana. Kwa hiyo piga picha kila upande, hata chini ya ukingo wa omo. Mwakani, Mungu akipenda, tutateremka kutoka Evesham hadi Tewkesbury, kwa boti ya kampuni nyingine, na nanga nitaikagua kabla ya vitanda.